Scott: Mwasisi aliyeiacha misheni bila mrithi chini ya mlima Nzaui

ANAYESAFIRI kutoka Emali kuelekea Matiliku, Kaunti ya Makueni, huuona mlima Nzaui kabla hajalifikia soko. Kwa Wakamba, mlima huo ni zaidi ya jabali na vichaka. Masimulizi ya wazee husema kwamba hapo ndipo Mulungu alipowateremsha mume na mke wa kwanza pamoja na mifugo wao, na hadi leo wenyeji huonyesha juu ya mwamba alama zinazosemekana kuwa nyayo zao.

Ni katika eneo hilo hilo ambapo, mnamo Desemba 1895, kijana Mskoti mwenye umri wa miaka 28 aliwasili na msafara wake na kufungua kituo cha kwanza cha shirika la Africa Inland Mission (AIM). Jina lake lilikuwa Peter Cameron Scott. Mwaka mmoja haukutimia tangu akifungue kituo hicho kabla ya mauti kumfika, naye akawaacha wenzake wachache nyikani bila mtu aliyeandaliwa kushika nafasi yake.

Swali la nani angeongoza baada yake liliikaribisha kazi yake kwenye kaburi lile lile alimolazwa. Na ndilo swali ambalo kanisa lililochipuka kutokana na misheni hiyo, Africa Inland Church (AIC), limelazimika kulijibu kila mara kiongozi mmoja anapoondoka na mwingine anapotafutwa. Kwa sababu hiyo, maisha mafupi ya Scott yangali na funzo kwa waumini wanaokusanyika kila Jumapili Matiliku, Nzaui, Kilungu na kwingineko Ukambani.

Sauti iliyokusudiwa jukwaa

Scott alizaliwa mjini Glasgow, Scotland, mnamo Machi 7, 1867. Mwaka wa 1879 familia yake ilihamia Marekani na kufanya makao mjini Philadelphia. Wazazi wake walikuwa watu wa dini walioishika imani yao bila mzaha, na watoto wao walilelewa katika maombi na usomaji wa Biblia.

Kijana Peter alijaliwa sauti nzuri. Alifunzwa uimbaji na mwalimu Mwitaliano, na kwa muda matumaini yake yote yalikuwa kupanda jukwaani na kuimba katika michezo ya opera. Wazazi wake hawakuipenda njia hiyo. Waliamini kwamba kipawa hicho kilikuwa na matumizi bora kuliko kuwaburudisha matajiri wa mjini.

Habari za maisha yake husimulia siku alipokuwa akizipanda ngazi za jumba la opera ili ajiandikishe katika kikundi cha waimbaji. Kabla hajafika mlangoni, moyo wake ulimuuliza iwapo angeutumia uhai wake kujitafutia sifa au kumtumikia Mungu. Aligeuka, akazishuka ngazi hizo na kwenda zake. Hatimaye alijiunga na chuo cha kuwafunza wamishenari mjini New York, kilichoasisiwa na mhubiri A. B. Simpson.

Mnamo Novemba 1890, baada ya kuwekewa mikono na Simpson, Scott alifunga safari ya kuelekea pwani ya magharibi ya Afrika, kwenye mlango wa Mto Kongo. Miezi michache baadaye alifuatwa na nduguye, John. Furaha ya ndugu hao wawili haikudumu. John aliugua na kufariki, na Peter mwenyewe ndiye aliyelipigilia misumari jeneza lake, akachimba kaburi na kumzika. Kando ya kaburi hilo aliweka nadhiri kwamba hangeiacha kazi.

Hata hivyo, mwili haukuwa na nguvu za kuitimiza nadhiri hiyo mara moja. Kufikia mwaka wa 1892 afya yake ilikuwa imedhoofika kiasi cha kulazimika kurejea Uingereza akiwa mgonjwa.

Kaburi la Livingstone

Ilikuwa katika kipindi hicho cha ugonjwa ambapo Scott alizuru kanisa la Westminster Abbey jijini London, mahali alipozikwa David Livingstone mwaka wa 1874. Juu ya kaburi la msafiri huyo pamechongwa aya ya Injili ya Yohana inayowataja kondoo ambao bado hawajaingia zizini. Scott alipiga magoti hapo, na inasimuliwa kuwa aliinuka akiwa na azma mpya.

Fikra iliyomjia ilikuwa pana kuliko uwezo wake. Alitaka kuanzisha msururu wa vituo vya misheni, kuanzia pwani ya Afrika Mashariki na kukata bara hadi Ziwa Chad. Alikuwa amejionea kwamba wamishenari wengi waliishia pwani, na kwamba watu wa bara walibaki bila mhubiri. Kwa mawazo ya zama zake, aliuona pia msururu huo kuwa boma la kuzuia kuenea kwa Uislamu kuelekea kusini.

Alirejea Marekani na kuwatafuta watu wa kumuunga mkono. Mjini Philadelphia, mnamo 1895, liliundwa baraza la kuishughulikia misheni hiyo. Miongoni mwa waliohusika nalo alikuwa Charles Hurlburt, aliyekuwa rais wa chuo cha Biblia cha Pennsylvania, chuo ambacho baadhi ya wamishenari wa kwanza walitokea.

Hapa ndipo panapostahili kutazamwa kwa makini. AIM haikuwa tawi la dhehebu lolote. Wanachama wake walitoka katika makanisa mbalimbali, hawakuahidiwa mshahara, na walitarajiwa kumtegemea Mungu kwa mahitaji yao bila kuombaomba. Baraza la Philadelphia lilijiona kuwa la kuombea kazi hiyo na kupitisha michango. Shughuli za Afrika ziliachwa mikononi mwa wamishenari wenyewe, na mkuu wao alikuwa Scott.

Utaratibu huo ulikuwa na uzuri wake. Uamuzi haukusubiri barua ivuke bahari na kurudi. Lakini ulikuwa na udhaifu ambao hakuna aliyeujali wakati huo: misheni yote iliegemea nguzo moja, na nguzo hiyo ilikuwa kijana aliyekuwa ameponea chupuchupu kufa kwa homa za Kongo.

Safari ya kuja Ukambani

Agosti 17, 1895, kundi la watu wanane liliondoka Marekani. Mbali na Scott, walikuwamo dada yake Margaret na Willis Hotchkiss, ambaye baadaye angekuwa miongoni mwa waasisi wa misheni ya Marafiki kule Kaimosi. Walifika pwani ya Afrika Mashariki Oktoba mwaka huo.

Nchi waliyoikuta ilikuwa katika mabadiliko. Ni miezi michache tu iliyokuwa imepita tangu Uingereza itangaze himaya yake katika eneo hili. Reli haikuwapo, ujenzi wake ungeanza Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Nairobi mwaka wa 1899. Aliyetaka kwenda bara alitembea kwa miguu akifuata njia ya misafara, huku wapagazi wakibeba vyakula, mahema, dawa na nguo za kubadilishana.

Scott hakuwa Mkristo wa kwanza kutoka Ulaya kukanyaga ardhi ya Wakamba. Ludwig Krapf alikuwa amefika Kitui mwaka wa 1849, na ni akiwa huko alipouona Mlima Kenya. Wamishenari wa Kilutheri kutoka Leipzig walikuwa na kituo Ikutha, na Waskoti walikuwa Kibwezi tangu 1891. Machakos palikuwa na ngome ya Waingereza iliyojengwa mwaka wa 1889. Lakini vilima vya Nzaui na Kilungu vilikuwa bado havijapata kituo, navyo vilikuwa na mvuto wa hewa baridi, maji na watu wengi.

Baada ya kituo cha Nzaui, vilifuata vya Sakai, Kilungu na Kangundo. Vituo vinne kwa mwaka mmoja lilikuwa jambo la kustaajabisha kwa kundi dogo la wageni ambao hawakukijua Kikamba. Walilazimika kujenga nyumba, kulima, kutibu wagonjwa, kujifunza lugha na kuhubiri kwa wakati mmoja.

Katika ripoti ya mwaka huo wa kwanza, historia ya misheni inataja kwamba Scott alikuwa ametembea takriban maili 2,600, yaani zaidi ya kilomita 4,000. Alikwenda kutoka kituo hadi kituo, akitafuta maeneo mapya, akizungumza na wazee, akikagua ujenzi na kuwatia moyo wenzake waliolemewa na homa. Mnamo 1896 waliongezeka wafanyakazi wengine, wakiwamo wazazi wake wenyewe na dada yake mdogo, Ina. Familia ambayo zamani ilimzuia asiimbe jukwaani sasa ilikuwa imemfuata hadi Ukambani.

Bidii hiyo ndiyo iliyomsifu, na ndiyo iliyomwangusha. Kiongozi anayefanya kila jambo mwenyewe huwaachia wenzake mapenzi na huzuni, lakini hawaachii ujuzi wa kuongoza.

Kifo na kutawanyika

Mwishoni mwa mwaka wa 1896 Scott alishikwa na homa ya mkojo mweusi, maradhi yanayofuatana na malaria kali na ambayo siku hizo yaliwaua wageni wengi. Tiba haikuwapo ya kutegemewa. Hata chanzo cha malaria kilikuwa hakijathibitishwa; ni Agosti 1897 ambapo Ronald Ross, akiwa India, alivigundua vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Scott aliaga dunia Nzaui mnamo Desemba 4, 1896, akiwa na umri wa miaka 29.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi. Wamishenari wengine walifariki mmoja baada ya mwingine. Wengine waliugua na kurudishwa makwao, na wengine walijiondoa kutafuta kazi kwingine. Isitoshe, miaka ya 1898 na 1899 nchi ya Ukambani ilikumbwa na njaa kubwa ambayo Wakamba huiita Yua ya Ngomanisye, pamoja na ndui. Watu walikufa vijijini na njiani, na hapakuwa na nafasi ya kujenga wala kufundisha.

Kufikia mwaka wa 1899 alikuwa amebaki mmishenari mmoja tu wa AIM katika Ukambani yote, William Bangert, aliyeishi Kangundo. Misheni iliyokusudiwa kufika Ziwa Chad ilikuwa imesalia na mtu mmoja.

Kumtafuta mrithi

Huku hayo yakiendelea, watu wa Philadelphia walikabiliwa na uamuzi ambao hawakuwa wameutarajia. Njia moja ilikuwa kuyafunga yote na kukiri kwamba jambo hilo halikuwezekana. Njia nyingine ilikuwa kumtafuta kiongozi mpya na kubadili namna misheni ilivyoongozwa. Walichagua njia ya pili, na macho yao yakamwangukia Hurlburt.

Hurlburt hakufanana na Scott. Alikuwa mkubwa kwa umri, mwenye mke na watoto watano, na mzoefu wa kuendesha taasisi. Scott alikuwa mtu wa safari na maono. Hurlburt alikuwa mtu wa mipango na ofisi, ingawa naye hakukosa ujasiri. Baraza halikutafuta Scott wa pili. Lilimtafuta mtu wa kuziba pengo ambalo Scott aliliacha.

Mwanzoni Hurlburt alijaribu kuiongoza misheni kutoka Marekani, lakini ikadhihirika kwamba mchungaji hawezi kuchunga kondoo asiowaona. Mnamo 1901 alihamia Kenya pamoja na jamaa yake. Mwaka wa 1903 makao makuu yalihamishiwa Kijabe, karibu na reli na kwenye hewa isiyo na malaria nyingi. Kutoka hapo misheni iliingia Tanganyika mwaka wa 1909 na Kongo mwaka wa 1912, ikaendelea hadi eneo la West Nile nchini Uganda na nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Afrika ya Kati. Njia aliyoichora Scott kuelekea Chad ikaanza kuonekana, ingawa mwenyewe hakuwapo kuiona.

Kwa hiyo uchaguzi wa Hurlburt ulikuwa wa busara. Hata hivyo, ulikuwa na kasoro ambayo ingechukua zaidi ya nusu karne kurekebishwa. Waliochagua walikuwa Philadelphia. Nzaui, mahali palipolipia misheni hiyo kwa makaburi, hapakuulizwa neno. Ni kweli kwamba wakati huo waumini Wakamba walikuwa wachache mno. Lakini desturi iliyoanzishwa siku hiyo, ya kiongozi kuteuliwa mbali na wanaoongozwa, iliendelea hata baada ya waumini kuwa maelfu, wenye walimu, wahubiri na wazee wao.

Sauti za wenyeji

Mnamo 1943 makanisa yaliyotokana na misheni hiyo yalipata katiba na jina la Africa Inland Church. Lakini misheni iliendelea kuwapo kando ya kanisa, ikiwa na mali, shule, hospitali na usemi mkubwa. Wako Wakristo ambao hawakuwa na subira ya kungoja. Mwaka wa 1945 kundi la Wakamba liliasisi African Brotherhood Church, likiongozwa mwanzoni na Simeon Mulandi na baadaye Nathan Ngala, ili Waafrika wajiongoze wenyewe. Miaka miwili baadaye, waumini wa Githumu huko Murang'a nao walijitenga na AIM na kuunda African Christian Church and Schools.

Mafarakano hayo hayakuhusu mafundisho ya wokovu kwa kiasi kikubwa. Yalihusu nani mwenye haki ya kuamua, nani wa kushika mfuko, na nani wa kusema kwa niaba ya wengine. Yalikuwa, kwa maneno mengine, ni swali lile lile lililozuka Desemba 1896 na ambalo wenyeji hawakuwahi kuulizwa.

Jibu la wazi lilipatikana Oktoba 1971, wakati AIM ilipokabidhi mali na mamlaka yake kwa AIC. Aliyelipokea jukumu hilo kwa niaba ya kanisa alikuwa Askofu Wellington Mulwa, mwana wa Ukambani. Ilikuwa imepita miaka 75 tangu Scott azikwe. Mulwa alipofariki mwaka wa 1979, kanisa halikutawanyika kama lilivyotawanyika kundi la Scott. Lilimpata kiongozi mwingine, Ezekiel Birech kutoka Bonde la Ufa. Baada yake walifuata Titus Kivunzi, Silas Yego na Abraham Mulwa.

Kwamba uongozi umehama kutoka jamii moja hadi nyingine na kurudi, bila kanisa kuvunjika, si jambo dogo katika nchi ambamo uchaguzi wa maaskofu umewahi kuwafikisha waumini wa madhehebu mbalimbali mahakamani, na ambamo ukabila na fedha hupenya hadi madhabahuni.

Urithi wake

Scott hakuandika katiba. Hakuacha jengo kubwa wala kitabu mashuhuri. Idadi ya siku alizoishi Ukambani haifiki 400. Ukimpima kwa vipimo vya kawaida vya uongozi, alishindwa katika jambo la msingi, nalo ni kumwandaa mtu wa kuendelea pale atakapokoma.

Lakini ni haki pia kusema kwamba hakuna aliyemfunza jambo hilo. Wamishenari wa kizazi chake walijua kwamba huenda wasirudi makwao, na wengi waliliona hilo kuwa fahari. Kifo chao walikitazamia. Yatakayofuata kifo hicho hawakuyapangia. Waliozijua homa za Afrika kuliko wote, kama yeye aliyemzika nduguye Kongo, ndio waliopaswa kupanga mapema zaidi.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wakamba, wanaosifika tangu jadi kwa ufundi wa chuma, wanajua maana ya methali hiyo kuliko wengi. Koleo la kwanza lilivunjika Nzaui kabla chuma hakijapata moto. Uhunzi uliendelea kwa sababu walikuwapo watu waliokubali kuketi, kujadiliana na kuchagua mwingine. Uliimarika zaidi pale wenyeji wenyewe waliporuhusiwa kuchagua.

Hilo ndilo wanalopaswa kulikumbuka waumini wa dhehebu lolote wanapojiandaa kumchagua kiongozi mpya. Kura hupigwa siku moja, lakini kazi ya kuwaandaa wanaofaa kupigiwa kura ni ya miaka, na humwangukia kiongozi aliye kitini tangu siku ya kwanza ya utumishi wake. Peter Cameron Scott alipewa mwaka mmoja pungufu ya siku chache tangu akifungue kituo cha Nzaui. Waliomfuata wamekuwa na muda mrefu zaidi, na hawana udhuru aliokuwa nao.